Kiti cha Pembeni ya Mkeka: Kwenda Lusaka na Kocha Asumini

Kwa nini mimi? Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi siku nne kabla ya safari. Timu ya taifa ya judo ilikuwa inakwenda Lusaka kwa basi, watu wanne tu, na Kocha Asumini alinipigia simu akasema, "Digrii, andaa begi. Unakwenda na sie." Akakata.

Mimi judo niliiacha nikiwa na mkanda wa kahawia, mwaka nilioingia chuo. Nilipohitimu nilirudi Bunju kwa mama, nikawa nakwenda ukumbi wetu wa Temeke mara mbili tatu kwa wiki kupanga mikeka na kuandika mahudhurio ya watoto. Pale kuna vijana wanaorusha watu kuliko mimi, na wapo wanaozungumza Kiingereza kuliko mimi. Nilijilaza chali nikatafuta sababu moja ya maana ya kuchaguliwa. Nilipoikosa, nikaanza kutafuta sababu mbaya.

Na lilikuwapo jambo la pili. Baba mdogo, anayekaa Msasani, alikuwa amenitafutia kazi ya ofisini Mwanza na alitaka jibu nikirudi. Nyumbani kila mtu alishajua jibu hilo ni lipi. Mie tu ndiye nilikuwa sijui.

Sasa tangu nirudi mmenisumbua, huyu anauliza ilikuwaje, yule anauliza kama ni kweli kocha alifukuzwa ukumbini. Nawaandikia wote kwa pamoja. Habari za pasi na tiketi naziruka, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuburudishwa na foleni.

Mbezi hadi Kitonga

Nilifika stendi ya Mbezi alfajiri, saa nzima kabla ya muda, nikamkuta kocha ameshafika. Alikuwa amekalia begi la sare zetu nyeupe. Kama hamjawahi kumwona, ni mwanamke mfupi, mabega mapana, na masikio yaliyojikunja kama uyoga kwa miaka mingi ya kusuguana na mikeka na vichwa vya watu. Amekuwa bingwa wa taifa mara nyingi kiasi kwamba ukimuuliza ni mara ngapi anakasirika.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba. Umelala?"

"Kidogo."

"Muongo."

Nikaona nitumie nafasi hiyo. "Kocha, kazi yangu hasa kwenye safari hii ni ipi?"

"Kukaa."

"Kukaa wapi?"

"Wee panda gari."

Nikapanda. Kukaa wapi? Nilitafuna neno hilo mpaka Chalinze.

Wachezaji walikuwa wawili. Denis, wa uzito mkubwa, alipanda na mkate mzima kwapani. Zuhura, binti wa Temeke Mikoroshini, wa chini ya kilo hamsini na saba, alipanda amevaa suti mbili za mazoezi na koti juu yake, jasho likimtiririka, kwa sababu alikuwa bado hajafika chini ya hizo hamsini na saba. Kwenye kiti cha upande wa pili wa njia alikaa mama mmoja mfanyabiashara, Mama Nelly, anayepeleka vitenge Lusaka. Alikuwa na chombo cha chakula cha kufunika, kikubwa kama ngoma.

Kwenye mizani ya barabarani basi lilizidi uzito. Kondakta akaomba baadhi ya abiria washuke watembee, wakutane na gari mbele. Kocha akamgeukia Zuhura. "Unaona? Hata basi linapunguza. Shuka."

"Kocha, mie nimetembea jana kutoka Mbagala."

"Basi miguu inajua njia."

Alishuka akinung'unika, na mimi nikashuka naye, maana nilidhani labda kazi yangu ndiyo hiyo.

Tulipopita Ruaha Mbuyuni, Denis akanunua vitunguu dirishani kana kwamba Lusaka hakuna. Kupanda Kitonga, lori lilikuwa limelala barabarani kwenye kona, na magari yakajipanga nyuma yake mpaka chini. Tulikaa pale saa nne. Watu walishuka, wakatandika kanga kando ya njia, na Mama Nelly akafunua chombo chake. Pilau. Harufu ile ilimfikia Zuhura nikamwona anafumba macho.

"Karibuni, wanangu. Binti, njoo."

"Asante mama, nimeshiba."

"Umeshiba nini? Nipo na wewe tangu Mbezi, sijakuona ukitafuna hata karanga."

Zuhura akatazama miti. Mama Nelly akamsogelea kocha, akateremsha sauti, ila sauti ya Mama Nelly haishuki sana. "Dada, usikasirike nikikuuliza. Huyu binti ana ujauzito?"

"Hana ujauzito," kocha akajibu bila kugeuka. "Ana kilo moja isiyo yake."

Ilibidi tumweleze habari za kupimwa uzito kabla ya mashindano. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema hajawahi kusikia serikali inayopeleka mtoto nje ya nchi kwa sharti la kumshindisha njaa. Denis alikula fungu lake na fungu la Zuhura, kwa heshima.

Hapo ndipo kocha alipoanza kusimulia, bila kuombwa, huku akimenya chungwa alilopewa. Baba yake alikuwa Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago, aliyehamia Temeke na kuweka kibanda kando ya barabara. Asumini akiwa mdogo kazi yake ilikuwa kushika gogo la mpingo lisicheze wakati baba anapiga tezo. "Likicheza, unaharibu uso wa mtu," alisema. "Baba alikuwa hasemi kitu. Unashika tu, mpaka vidole vinasahau kwamba ni vyako." Siku moja, akiwa na miaka kumi na minne, alitumwa kumpelekea kaka yake chai ukumbini. Mwalimu wa judo akamwambia kwa utani ashike kola ya kaka yake, aone kama ataweza kujitoa. Kaka hakuweza. Chai ikapoa.

Kitonga hadi Tunduma

Kwa sababu ya lori lile tuliingia Tunduma asubuhi badala ya usiku, miguu imevimba. Basi lilijipanga kwenye foleni ya mpakani na dereva akatwambia tusitegemee kuvuka kabla ya mchana. Kocha akasema tutafute mizani.

Sokoni palikuwa na mzee mmoja wa Kyela anayeuza mchele, na mizani kubwa ya kupimia magunia. Kocha akamsalimia, akamwomba, akampandisha Zuhura.

"Huyu mnauza kwa kilo au kwa debe?" mzee akauliza.

"Kwa kilo. Inasemaje?"

Mzee akasogeza jiwe la mizani, akakunja uso kama anapima mchele wa jirani asiyemwamini. Gramu mia nne zaidi. Zuhura alikaa chini palepale, kati ya magunia, akaanza kulia bila sauti. Tangu tuondoke Dar alikuwa amekunywa maji ya vikombe viwili.

Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia. Kwamba mizani ya magunia si sahihi kwa gramu. Kwamba kuna siku nzima mbele. Kwamba nguo zake pekee zinaweza kuwa na gramu mia nne. Niliyapanga yote kichwani, nikayapanga upya, na nilipokuwa bado nachagua la kuanza nalo kocha alishamwinua na kumwambia atembee mpaka mwisho wa foleni ya malori na kurudi. Wakati Zuhura anatembea, sisi wawili tulikaa juu ya magunia ya mzee wa Kyela.

"Unajua kwa nini niliacha kucheza?" kocha akaniuliza.

Nilijua habari zinazosemwa Temeke, kwamba ni goti. Nikasema goti.

"Goti nililisingizia."

Akaniambia. Lilikuwa pambano la mwisho katika mashindano ya kanda, ugenini. Kwenye judo kocha wa mchezaji ana kiti pembeni ya mkeka, na kiti hicho kina sheria moja: wachezaji wakiwa wanashikana, kocha haruhusiwi kusema neno. Mwamuzi akisema "mate", mchezo unasimama kidogo, sekunde chache tu. Hapo ndipo kocha anaweza kusema. Akisema nje ya hapo anaonywa, akirudia anatolewa. Kocha wake alikuwa mtu wa kelele. Akatolewa. Mchezo ukasimama, Asumini akageuka kutazama kiti, kiko tupu.

"Si kwamba angeniambia kitu cha ajabu," alisema. "Nilikuwa najua cha kufanya. Lakini unageuka, hakuna mtu. Unajiona umeachwa kwenye nchi ya watu. Mchezo ulipoanza tena tu, nikarushwa." Akapangusa punje za mchele kwenye suruali. "Nikasema nikirudi, nitakuwa mimi ndiye nakaa pale. Mchezaji wangu hatageuka akute kiti kitupu."

Nilimsikia vizuri sana. Kumbukeni hilo.

Nakonde hadi Lusaka

Upande wa Zambia, afisa alifungua begi la sare, akatoa koti moja jeupe, akalishika mabegani.

"Madaktari?"

"Wachezaji wa judo," kocha akasema. Pale mpakani Kiswahili kinaeleweka.

"Ndiyo mpira gani?"

Kocha akafikiri. "Afisa, kwa ruhusa yako, naomba nishike kola yako. Ukijitoa, tunakuachia begi."

Nikaona tumeshafungwa, mama yangu anapigiwa simu, baba mdogo anakuja mpakani na suti. Lakini yule afisa alikuwa kijana mwenye shingo nene, na wenzake walikuwa wanatazama. Akasema haya. Kocha akashika kwa mkono mmoja. Afisa akavuta, akageuka kushoto, akageuka kulia, akainama, akacheka, akavuta tena. Wenzake wakaanza kumzomea kwa Kibemba. Mwishowe akasema, "Mama, basi, nina watoto," na begi likafungwa.

Safari ya ndani ya Zambia ni ndefu na haina milima ya kukupotezea muda. Tuliingia Lusaka asubuhi iliyofuata. Mama Nelly, kabla ya kushuka, alimtilia Zuhura machungwa sita kwenye mfuko. "Ukishapimwa huo uzito wenu, haya yote ule wewe. Si yule," akasema akimwonyesha Denis kwa kidevu.

Zuhura alipimwa jioni ile. Alipita kwa gramu hamsini. Alikula machungwa matatu amesimama palepale kwenye korido, maji ya machungwa yakimchuruzika mpaka viwikoni.

Wenyeji walitupikia nshima, ambayo ni ugali wetu isipokuwa laini zaidi, na dagaa wa kukaanga. Dada aliyeleta maji ya kunawa alipiga goti mbele yetu, akagonganisha viganja taratibu, kama ilivyo desturi yao ya kumkaribisha mgeni. Denis akadhani anashangiliwa kwa kuingia kwenye mashindano. Akasimama wima, akainama kama anavyoinama mkekani, na yeye akapiga makofi kwa nguvu. Yule dada alibaki amepiga goti, hajui afanye nini. Kocha hakucheka mpaka alipotoka nje.

Ukumbini

Denis alianguka kabla sijamaliza kufungua chupa ya maji. Hayo yanatosha kuhusu Denis, ameniomba nisiongeze.

Zuhura alishinda pambano la kwanza. La pili lilikuwa na mchezaji mrefu wa nyumbani, na ukumbi mzima ulikuwa wake. Mie nilikaa jukwaani, safu ya kwanza, na faili mapajani. Kocha alikuwa kwenye kiti, amekunja mikono, amefunga mdomo, na niliona jinsi mdomo ule unavyomuuma.

Dakika ya pili Zuhura alipata kola na hakujua kwamba ameipata.

"Mkono, Zuhura! Mkono wa kushoto, mama!"

Mwamuzi akasimamisha, akamwonya kocha kwa kidole. Kocha akainamisha kichwa, kuomba radhi. Wakaanza tena. Haikupita nusu dakika.

"Usiachie! Usia—"

Alitolewa. Alisimama, akafika mlangoni, akageuka, akauinamia mkeka kama kawaida, akatoka.

Nikakitazama kiti. Nilijua mtu mwingine wa timu anaruhusiwa kukaa. Au haruhusiwi mpaka aandikishwe? Kadi niliyovaa shingoni iliandikwa kocha msaidizi, lakini labda waliandika hivyo kwa sababu fomu haikuwa na nafasi nyingine. Nikiingia wakanitoa na mimi, itakuwa aibu maradufu. Nikikaa, nitasema nini? Ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka nilipo hadi pale. Nilizihesabu.

Mwamuzi akasema mate. Zuhura akarekebisha mkanda, akageuka.

Sijui kama mmewahi kumwona mtu anatafuta kitu mahali ambapo ana hakika kipo. Alitazama kiti, akatazama sakafu kuzunguka kiti, kana kwamba kocha ameinama kuokota kitu. Kisha akarudi katikati, na yule mrefu akamrusha mara moja, mgongo wote chini, pambano likaisha hapo.

Nilimkuta kocha koridoni ameegemea ukuta. Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimeshaandaa majibu.

"Uliona nini?" akaniuliza.

Nikaanza kumweleza kuhusu yule mchezaji mrefu.

"Sikuulizi huyo. Kwenye kiti uliona nini?"

"Hapakuwa na mtu."

"Ee." Akajitoa ukutani. "Digrii, mie najijua. Nashika kila kitu isipokuwa mdomo wangu. Kila mashindano makubwa natolewaga. Niliapa sitakuwa kama kocha wangu, na nimekuwa yeye vilevile. Vijana wote pale Temeke ni mimi mtupu, ukimweka pale dakika moja, ukumbi unasikia. Wewe tangu mtoto unatazama, unawaza weee, halafu mchezo ukisimama ndo unasema kitu. Watu wanadhani ni uoga. Labda ni uoga. Lakini kwenye kiti kile ndiyo kazi yenyewe."

"Kwa nini hukuniambia Dar?"

"Ningekwambia Dar ungelala?"

Nikalihamishia faili kwapani.

"Leo umechelewa," akasema.

"Nimechelewa."

"Haya. Ana pambano la nafasi ya tatu. Kaoshe uso."

Niliosha uso. Nikatembea hatua zile kumi na mbili, nikakaa. Hakuna aliyenizuia. Kiti kilikuwa cha plastiki, mguu mmoja mfupi kidogo.

Mpinzani wake safari hii alikuwa binti mnene wa miguu ambaye nilikuwa nimemtazama tangu asubuhi katika mapambano yote matatu. Mimi hutazama watu, hilo mnalijua. Mara ya kwanza mchezo uliposimama nilikuwa na mambo kumi na moja ya kusema. Nikafungua mdomo, nikachagua, nikabadili, na sekunde zikaisha. Sikusema hata moja. Lakini Zuhura alipogeuka alinikuta. Alinitazama, akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba nimesema kitu cha maana, akarudi.

Wakati wanashikana nilifuta mambo kumi kichwani, moja moja, kama anayepunguza mizigo kwenye basi.

"Mate."

Akageuka.

"Akianza tu anakuja na mguu wa kulia," nikasema. "Msubiri."

Mwamuzi akaruhusu. Yule binti akaja na mguu wa kulia kama alivyokuja tangu asubuhi. Zuhura alikuwa anamsubiri. Sikuona vizuri ilivyokuwa, nadhani nilifumba macho, ila mlio wa mgongo kwenye mkeka naujua, na haukuwa mgongo wa Zuhura. Mwamuzi akanyanyua mkono wima, juu kabisa. Mlangoni kulikuwa na mtu amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa kocha, anajaribu kutii sheria akiwa nje ya ukumbi.

Baadaye Zuhura, medali ya shaba shingoni na mdomo umejaa nshima, aliniuliza, "Braza, ile mara ya kwanza ulitaka kusema nini?"

"Mambo kumi na moja."

"Ningekufa," akasema.

Kurudi, hadi Msasani

Kurudi hakukuwa na lori lililolala wala afisa mwenye shingo nene. Mahali fulani baada ya Makambako kocha alizinduka, akasema anataka nikae kwenye kiti kile kwa timu ya vijana, si safari moja, kila mashindano, na nifundishe watoto ukumbini. Shule moja ya Madale nayo ilikuwa inatafuta mtu wa kipindi cha michezo, angenisemea. Sikumjibu. Akalala tena, na hakuniuliza mara ya pili, hata tulipoagana Mbezi.

Siku mbili nilikaa Bunju. Niliandika faida na hasara kwenye karatasi, upande wa Mwanza ukajaa, nikageuza karatasi. Siku ya tatu nikaenda Msasani.

Baba mdogo alikuwa barazani, chai imeshamiminwa. Nikamwamkia, nikakaa. Akaanza. Alizungumza juu ya Mwanza, juu ya samaki wa Mwanza, juu ya bosi atakayenipokea, waliyesoma pamoja, juu ya nyumba ya kupanga Nyegezi ambayo ameshaiulizia, juu ya baba yangu, Mungu amrehemu, ambaye angefurahi. Kila sentensi ilikuwa na mahali ambapo zamani ningeingiza samahani, au labda, au sijui. Sikuingiza kitu. Nilimtazama. Mwishowe akanyamaza, akainua kikombe, akanywa.

"Baba mdogo, nakushukuru sana," nikasema. "Mwanza siendi. Nabaki Temeke na timu."

Akashusha kikombe taratibu. "Umelifikiria vizuri?"

Ndani, mama mdogo ambaye ananijua tangu darasa la tatu aliangua kicheko jikoni. "Unamuuliza huyo kama amefikiria?"

Baba mdogo hakucheka. Lakini alichukua simu, akampigia mtu wake wa Mwanza mbele yangu, akamwambia kijana amepata kazi nyingine. Alisema kazi. Nilimsikia.

Jioni ile nilikuwa Temeke. Watoto walikuwa wameshafunga mikanda, kocha amesimama upande wa pili akimfokea mmoja wao kwa jina la ukoo. Hakunisalimia. Nikachukua kiti kimoja cha plastiki kwenye rundo la kona, nikakiweka pembeni ya mkeka, nikakaa. Watoto wawili wakainamiana, wakashikana kola. Nikafunga mdomo, nikasubiri.